Barua ya wazi kwa Kamishna wa Sensa wa India: andikeni Jambur inakaliwa na akina nani

Kwa Mheshimiwa Msajili Mkuu na Kamishna wa Sensa wa India, New Delhi
Nakala kwa Serikali ya Jimbo la Gujarat, Gandhinagar

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Mombasa kuhusu kijiji kimoja cha Gujarat kiitwacho Jambur. Kiko taluka (yaani tarafa) ya Talala, wilaya ya Gir Somnath, pembezoni mwa msitu wa Gir, katika nchi ya miembe ya kesar. Wakazi wake wengi ni Wasiddi, Wahindi wenye asili ya Afrika. Lugha yao ni Kigujarati, wengi wao ni Waislamu, na hapo kijijini wanazuru kaburi la walii Nagarchi Pir. Mnajiandaa kuhesabu watu wa nchi yenu, na siku ya rejea mmekwisha kuitangaza kuwa 1 Machi 2027. Ombi langu ni hili: kazi hiyo ikiisha, mtu yeyote aweze kufungua karatasi ya Jambur akasoma humo kwamba hapa wanakaa Wasiddi, idadi yao ni kadhaa, majirani zao ni fulani na fulani, na riziki yao inatoka kazi gani. Kwa matokeo ya 2011, jambo hilo haliwezekani.

Nilikuwa karani wa sensa hapa Kenya mwaka 2019, upande wa Kwale. Nasema hivyo mapema ili mjue kwamba siandiki kama mtu anayelaumu kazi asiyoijua. Najua kishikwambi kinachozimika chaji jua likiwa kali, najua nyumba ambayo mwenyewe yuko shamba na aliyebaki ni mtoto wa darasa la tatu, najua jinsi swali moja linavyoweza kumnyamazisha mzee aliyekuwa akicheka dakika moja kabla. Nyinyi mtatuma watu wapatao milioni 3 kuifanya kazi hiyo katika nchi ambayo mwaka 2011 ilikuwa na watu 1,210,854,977, zaidi ya theluthi mbili yao wakiishi vijijini. Naiheshimu kazi hiyo.

Naheshimu pia kwamba India inachapisha takwimu hadi kwenye kijiji. Nchi nyingi haziwezi. Vijiji zaidi ya 640,000, kila kimoja na mstari wake: kaya, wanaume, wanawake, watoto wa miaka 0 hadi 6, wanaojua kusoma na kuandika, wenye kazi ya zaidi ya miezi sita kwa mwaka na wenye kazi ya chini ya hapo, wakulima wenye shamba, vibarua wa shambani, wanaofanya kazi za mikono nyumbani, na wengineo. Mwanafunzi aliye popote duniani anaweza kuiona Jambur kwa namna hiyo.

Lakini swali likifika kwa watu wenyewe, kwamba ni akina nani, mstari unafupika. Kuna safu ya matabaka yaliyoorodheshwa kisheria, kuna safu ya makabila yaliyoorodheshwa kisheria, na kila asiyeingia humo anabaki katika jumla, bila jina. Dini haichapishwi kwa kijiji. Jina la kabila halichapishwi kwa kijiji. Kwa hiyo msomaji wa karatasi ya Jambur ataona idadi ya watu wa makabila yaliyoorodheshwa, basi. Kama ni Wasiddi, Wabhil au Warabari wa Gir, karatasi haisemi. Idadi hiyo hiyo inaweza kusimama kwenye kijiji cha mbali kisichofanana na Jambur kwa lolote, na mpangaji aliye Gandhinagar akiviangalia vijiji viwili hivyo kwenye meza yake ataviona vimelingana.

Nisingeandika barua kwa ajili ya safu moja kama si jambo la Wasiddi lenyewe lilivyo. Sensa ya 2011 ilitoa hesabu yao kwa majimbo na maeneo yaliyo chini ya serikali kuu: Karnataka 10,477, Gujarat 8,661, Daman na Diu 193, Goa 183. Jumla 19,514. Tarakimu hiyo imenakiliwa kila mahali tangu hapo, na kila anayeinakili huandika kwamba Wasiddi wa India ni elfu kumi na tisa na ushei. Sivyo. Hiyo ni hesabu ya Wasiddi waliokuwa wakiishi mahali ambapo sheria inawatambua. Orodha ya Gujarat inamtambua Msiddi akiwa katika wilaya za Amreli, Bhavnagar, Jamnagar, Junagadh, Rajkot na Surendranagar. Jambur imo, maana wilaya ya Gir Somnath ilimegwa kutoka Junagadh mwaka 2013. Kachchh haimo, ingawa Wasiddi wako Bhuj. Ahmedabad haimo, ingawa msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa humo karne ya 16 na ambao madirisha yake ya mawe yaliyotobolewa kama matawi ya mti yanajulikana dunia nzima, una jina la mmoja wao. Bharuch haimo, na huko Bharuch ndiko Ratanpur iliko, kwenye mlima wenye kaburi la Bava Gor, walii wao mkubwa, na dada yake Mai Misra. Msiddi wa Jambur akimwoza binti yake Ratanpur, huyo binti akihesabiwa anakuwa nani? Damu haikubadilika, jina la ukoo halikubadilika, bibi yake ni yule yule. Aliyebadilika ni mkuu wa wilaya.

Hapa naomba Mheshimiwa Kamishna asinijibu kwamba orodha ni kazi ya Bunge. Ni kweli, kifungu cha 342 cha Katiba yenu kinasema hivyo. Lakini tangu mwaka 1999 utaratibu ni kwamba jimbo likipendekeza kabila liingizwe au eneo lake lipanuliwe, pendekezo hupita kwanza ofisini kwenu, na bila ninyi kuridhia halisongi mbele. Karnataka ilifanikiwa: Wasiddi wa wilaya ya Uttara Kannada waliorodheshwa mwaka 2003, na mwaka 2020 sheria ikafika kwa ndugu zao wa Dharwad na Belagavi. Walio nje ya orodha huko Gujarat wanangoja jimbo lao liombe na ofisi yenu iridhie. Na ofisi itaridhia kwa ushahidi gani, ikiwa yenyewe haijawahi kuwahesabu walio nje ya orodha? Mtu anaambiwa alete idadi ili atambuliwe, na idadi yake haichukuliwi mpaka atambuliwe kwanza.

Sensa ya 2027 inaweza kuukata mzunguko huo. Mwezi Aprili 2025 serikali yenu iliamua kwamba jati ya kila mtu, yaani tabaka alilozaliwa ndani yake, itaulizwa, kwa mara ya kwanza katika sensa kamili tangu ile ya mwaka 1931, enzi za Waingereza. Najua uamuzi huo umezua mabishano makali kwenu, na mimi si Mhindi wa kuingia katikati yake. Kuna waliosema kuuliza jati ni kuipalilia. Hoja hiyo tunaijua huku: Tanzania iliacha kuuliza kabila katika sensa baada ya 1967, na Watanzania wengi watakuambia ndiyo sababu moja ya amani yao, ilhali sisi Kenya tunaliuliza hadi leo na siasa zetu mnazisikia. Naiheshimu hoja hiyo, lakini kwa watu wachache mno siioni ikisimama. Kabila la mamilioni linajulikana hata lisipoandikwa, wakubwa wake wanaingia bungeni kwa wingi wao. Watu elfu chache wasipoandikwa, hawapo.

Mambo hayo nimeyaona Kwale kwa macho yangu. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakazika, na kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Nilipowafikia na kishikwambi changu mwaka 2019, wazee walisogea kutazama kioo mpaka wahakikishe lililobonyezwa ni jina lao. Sikuwahi kuona watu wakilifurahia dodoso namna ile.

Na mwaka ule ule wa 2017, mwezi Julai, Rais Uhuru Kenyatta aliwatangaza Wakenya wenye asili ya Bara Hindi kuwa kabila la 44. Wako kwetu vizazi na vizazi, Wagujarati wengi, Wakachchh wengi. Wana maduka Mombasa, Kisumu na Lamu, wana misikiti na mahekalu yao, na sasa wana jina lao kwenye orodha ya taifa bila kujali wanaishi kaunti gani. Mwenye asili ya Bhuj anayeishi Mombasa akihamia Eldoret hapotezi chochote. Ninachowaombea Wasiddi ni haki iyo hiyo, upande wa pili wa bahari hiyo hiyo.

Maana watu hawa walitoka huku. Si wote: Malik Ambar, aliyeitawala Ahmednagar kwa niaba ya masultani wake na kuwasumbua Wamughali mpaka alipofariki mwaka 1626, alizaliwa Uhabeshi, na wako wengine waliofika kama mabaharia na askari. Lakini waliofika kwa majahazi ya biashara ya watumwa, kupitia bandari za Gujarat na Diu ya Wareno, wengi walivuka kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki na bara lake, na uchunguzi wa nasaba uliochapishwa mwaka 2011 uliwaonyesha Wasiddi wana asili kubwa kwa watu wa jamii ya Kibantu. Baadhi waliingia kwenye utumishi wa Nawab, mtawala wa Junagadh, wakilinda majumba na kuhudumu barazani. Sirvan, kijiji kingine cha Wasiddi ndani ya msitu wa Gir, inakumbuka uhusiano huo. Wapo hata waliorudi. Katika karne ya 19 Waafrika waliookolewa baharini na manowari za Waingereza walipelekwa Nashik, mji wa India, wakasomeshwa huko, na kuanzia miaka ya 1870 wengine wao wakaletwa kuanzisha Frere Town, hapa Kisauni. Nimesoma na vitukuu vyao. Kwa hiyo ninapoiuliza karatasi ya Jambur, nauliza habari za watu ambao wangeweza kuwa majirani zangu.

Sasa nije kwenye namna ya kuuliza, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia, na hapo ndipo karani wa zamani ana la kusema.

Sheria yenu ya mwaka 1950, pamoja na marekebisho yake, inasema tabaka lililoorodheshwa ni la Mhindu, Sikh au Mbudha peke yake. Kabila lililoorodheshwa halina sharti la dini. Msiddi wa Jambur ni Mwislamu na ni wa kabila. Msiddi wa Karnataka anaweza kuwa Mhindu, Mwislamu au Mkristo, na wote watatu ni Wasiddi. Kwenye makao makuu mnalijua hilo vizuri. Lakini mhesabuji mara nyingi ni mwalimu wa shule ya jirani, amefundishwa siku chache, jioni imeingia na ana kaya kadhaa mbele yake. Akisikia jina la Kiislamu, mkono wake unaweza kuruka safu ya kabila wenyewe bila swali kuulizwa. Au atamtazama mtu nywele na rangi, ajaze mwenyewe alichodhani. Makosa yote mawili hayaonekani kwenye kompyuta, kwa sababu dodoso linaonekana limekamilika. Naomba mafunzo ya Talala, ya Bharuch, ya Bhuj na ya Ahmedabad yalitaje jina la Wasiddi waziwazi, na kwamba swali la jati na kabila liulizwe kila mlango, jibu liandikwe lilivyotamkwa na mwenye nyumba, hata kama wilaya hiyo haimo kwenye orodha. Kupanga nani anastahiki nini kuje baadaye.

Naomba pia wanawake waulizwe wenyewe. Jambur ndiyo kijiji cha Hirbaiben Lobi, aliyepewa Padma Shri, nishani ya taifa la India, mwaka 2023. Alikuwa yatima aliyelelewa na bibi yake, akajifunza mambo ya mbolea ya mboji kwa kusikiliza redio, akawakusanya wanawake wenzake Wasiddi wakaweka akiba, wakauza walichozalisha, wakawafungulia watoto shule. Taifa zima lilimpigia makofi siku ile. Lakini fikirini mwanamke wa kijiji chake asiyejulikana na mtu: msimu wa maembe anachuma na kupakia kwenye mashamba ya wengine, mvua zikija anapalilia, miezi mingine anakwenda kuni na kuangalia mbuzi. Mume akiulizwa mkewe anafanya kazi gani, atasema hafanyi, yuko nyumbani. Nimelisikia jibu hilo Kwale mara nyingi mno, na mara nyingi mno nimemwona mke akiwa amesimama nyuma na jembe mkononi. Kazi ya miezi minne ni kazi, na dodoso lenu lina mahali pake. Anayehitajika ni karani wa kike atakayemgeukia mama mwenyewe na kumtajia misimu mmoja mmoja.

Mnajua kinachoning'inia kwenye tarakimu hizi kuliko mimi. Viti vya halmashauri ya kijiji vya watu wa makabila na matabaka yaliyoorodheshwa hugawiwa kwa uwiano wa idadi yao, tangu marekebisho ya 73 ya Katiba yalipoanza kutumika mwaka 1993. Sheria ya chakula ya mwaka 2013 inawafikia hadi asilimia 75 ya watu wa vijijini, lakini asilimia hiyo bado inapigwa kwa idadi ya 2011, kana kwamba hakuna aliyezaliwa wala kuoa tangu hapo. Wasiddi wa Gujarat wamo katika makundi 75 ya makabila yaliyo dhaifu zaidi, yale ambayo mpango wa PM-JANMAN ulianzishwa kwa ajili yake Novemba 2023 ili kuwapatia nyumba, maji na barabara. Moja ya vigezo vya kuingia kundi hilo ni idadi ya watu kudumaa au kupungua. Mtajuaje kama imepungua?

Nimalizie na simba, kwa sababu Jambur inaishi nao. Serikali ya Gujarat huwahesabu simba wa Gir kila miaka mitano. Mwaka 2015 walikuwa 523. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, wakapatikana 674. Mei 2025 walihesabiwa tena wakawa 891. Nafurahi simba wanaongezeka, na ninajua wahifadhi walivyohangaika. Katika muda huo wote, watu wa msitu huo huo hawakuhesabiwa hata mara moja. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya janga, ikaahirishwa tena, na mtoto aliyezaliwa Jambur mwezi mmoja baada ya hesabu ya 2011 atakuwa karibu kutimiza miaka 16 kabla karani hajaandika kwamba yupo. Basi atakapoandikwa, aandikwe kikamilifu.

Kuna pingamizi moja la haki ambalo nalijua litatolewa. Mkichapisha majina ya jati na makabila kwa kila kijiji, palipo na kaya mbili tatu za watu wa aina moja patakuwa kama pamenyooshewa kidole, na katika kijiji chenye uhasama hiyo ni hatari kweli. Nakubali. Wekeni kiwango: kundi lenye kaya chini ya idadi fulani lijumlishwe na mengine kwa kijiji, litajwe kwa taluka. Jambur na Sirvan, ambako Wasiddi ni wengi, hazitaguswa na tahadhari hiyo. Na msifanye kama ilivyofanyika kwa uchunguzi wa kijamii na kiuchumi wa mwaka 2011, ambao watu walijibu maswali ya jati kwa uaminifu na majibu yao ya jati hayakuchapishwa.

Matokeo yakitoka, yapelekwe kijijini kwa Kigujarati, yasomwe kwa sauti mbele ya gram sabha, mkutano wa wanakijiji, wanawake wakiwepo, na sarpanch, mkuu wa kijiji, aandike mahali ambapo wenyeji wanasema hapakuhesabiwa sawa. Ofisi ya wilaya iwe na muda uliowekwa wa kuwajibu. Kwa Serikali ya Gujarat, ombi langu ni moja: msingoje 2027. Pendekezo la kuwatambua Wasiddi wa Kachchh, Bharuch na Ahmedabad linaweza kuandikwa sasa, kwa kuwa makaburi ya mawalii wao, misikiti yao na vizazi vyao vilivyoko huko ni ushahidi tosha wa kuanzia.

Wenu kwa heshima,

Karani wa sensa wa zamani,
Likoni, Mombasa